Kapteni Komba, Rafiki wa Watunzi

Katika kurasa tunazotenga kwa ajili ya historia, mwaka huu tumeamua kumkumbuka Kapteni John Damiano Komba, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 28 Februari 2015 na kuzikwa kwao Lituhi, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Hakuwa mtu wa Namasakata. Wengi wetu tulimwona jukwaani au kumsikia redioni, basi. Hata hivyo tunamwita rafiki, kwa sababu alishughulika maisha yake yote na jambo ambalo chama chetu sasa kinataka kulifanya kwa kipimo cha kijiji: mtu anayetunga na kuimba ajulikane kwa jina lake, na apate chakula kutokana na kazi hiyo.

Vijana wakitajiwa Komba hukumbuka kampeni za CCM. Wazee hukumbuka Oktoba 1999. Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 ya mwezi ule, nyimbo za maombolezo za Komba na kundi lake la Tanzania One Theatre, yaani TOT, zilisikika redioni kutwa nzima, na mpaka leo kila ikifika tarehe hiyo huzirudia. Kuna watu wasiojua kusoma noti hata moja ambao wanaweza kuziimba tangu mwanzo hadi mwisho. Si jambo dogo kwa mtunzi kuwapa watu wa taifa zima namna ya kulia pamoja.

Uimbaji wa namna hiyo haukutoka hewani. Mkoa wetu wa Ruvuma ni mkoa wa kwaya na ngoma. Wamisionari Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898, na uimbaji wa kwaya ukaenea kutoka makanisani hadi shuleni na katika mikutano. Kandokando ya ziwa, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, beni waliyoicheza askari ilizaa mganda: wanaume kwa mistari, nguo nyeupe zilizopigwa pasi, ngoma kubwa katikati, vibuyu vinavyolia kama tarumbeta, na vyeo vya kijeshi kwa viongozi wa kundi. Wanawake wakawa na kioda yao. Wangoni wana lizombe. Komba mwenyewe alikuwa mwalimu kabla ya kuingia jeshini, na ukapteni wake ulikuwa wa kweli, wa JWTZ. Lakini sisi huwa tunatabasamu tukifikiri kwamba mtoto wa nchi ya mganda angeweza kupata cheo hicho bila kuondoka nyumbani.

Ili tuelewe alichowafanyia wasanii, inabidi tukumbuke hali ilivyokuwa miaka ya 1990 ilipoanza. Kwa muda mrefu mwanamuziki wa Tanzania alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ikawa mali ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Jeshi, Polisi na JKT walikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na wimbo ulipotungwa, mtunzi alikuwa na uhakika wa kulala ndani mwisho wa mwezi. Halafu mashirika ya umma yakaanza kuyumba, mengine yakauzwa, mengine yakafa, na bendi zikabaki yatima. Mpiga gitaa aliyekuwa na mshahara akajikuta anakodi gitaa la mtu.

Ni katika wakati huo TOT ilipozaliwa, nchi ilipoingia katika vyama vingi mwaka 1992. Ilikuwa kundi la CCM, na Komba ndiye aliyekuwa nguzo yake. Onyesho moja la TOT lilikuwa na kila kitu: kwaya, ngoma za asili, maigizo, sarakasi, taarab. Mtu alilipa kiingilio kimoja akaondoka usiku wa manane. Kwa hiyo chini ya paa moja walipata kazi watu ambao kwa kawaida hawakutani: mcheza ngoma aliyetoka kijijini, mwigizaji wa vichekesho, mpiga kinanda, mwimbaji wa taarab aliyevuka bahari kutoka Unguja.

Huyo wa mwisho ni Khadija Kopa. Akiwa TOT alishindana na Nasma Khamis wa Muungano Cultural Troupe, kundi la Norbert Chenga, na ushindani wao wa mipasho ukajaza kumbi za Dar es Salaam. Wapo waliosema taarab imeharibiwa, imekuwa matusi ya kuvalishwa khanga. Sisi tunaona kwamba ushindani ule uliwafanya watunzi wa mashairi watafutwe kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, maana kila wimbo ulidai jibu. Baadaye TOT ikawa pia na bendi ya dansi, TOT Plus, na humo akapita Banza Stone, mmoja wa watunzi mahiri wa kizazi chake, ambaye naye alifariki mwaka huohuo wa 2015, mwezi wa Julai.

Hatutaki kumpamba marehemu kupita kiasi. Ulinzi ule ulikuwa na bei yake. Kundi la chama huimba ya chama, na msanii mwenye wazo lingine ilibidi alihifadhi kifuani. Komba mwenyewe hakuficha upande wake, iwe jukwaani, iwe bungeni alikoingia mwaka 2005 kuwakilisha Mbinga Magharibi, na maneno yake makali katika Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014 yaliwaudhi wengi, wakiwamo baadhi ya wasomaji wa kijarida hiki. Tunayaandika haya kwa sababu chama chetu cha maendeleo kina wanachama wa kila upande, na fedha zinazochangwa humu hazitakiwi kumnunua mtunzi. Tukimsaidia mtu atengeneze ngoma yake, aimbe anachotaka, hata kama ni kutusema sisi viongozi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Zamani kutunzwa kulikuwa jambo la papo kwa papo: manju anapiga mstari mzuri, mtu anainuka, anambandika noti kwenye paji la uso. Desturi nzuri, tusiiache. Lakini noti ile inaisha kesho yake, na wimbo unaendelea kuzunguka miaka thelathini bila jina la aliyeutunga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, inampa mtunzi haki juu ya kazi yake. Tatizo la huku kwetu ni kwamba nyimbo nyingi za harusi, za unyago, za mavuno na za misiba hazijaandikwa popote, wala kurekodiwa. Manju akifa, watu husema "wimbo wa zamani", kana kwamba uliota wenyewe kama magugu. Komba angalau aliacha kanda. Nyimbo zake zinajulikana ni zake.

Kwa hiyo sehemu ya michango ya mwaka huu, baada ya madawati na kisima, tunaomba iende kwenye mambo matatu ya kawaida sana: kinasa sauti kizuri, daftari gumu la kuandika maneno ya nyimbo pamoja na jina la mtunzi na la ukoo wake, na posho ya vijana wawili watakaozunguka vitongojini kuwasikiliza wazee. Wapo watakaouliza kama nyimbo ni maendeleo wakati zahanati inahitaji dawa. Ni swali la haki, na ndiyo maana tumeliweka jambo hili baada ya kisima, si kabla. Ila dawa zitaweza kununuliwa mwakani pia. Wazee wenye nyimbo hawatusubiri.

Wanachama mlioko Songea mjini, Dar es Salaam na kwingineko, tafuteni kaseti zilizobaki chini ya vitanda vya wazazi wenu. Hata iliyokwama tutaipokea. Mwenye wimbo anaoukumbuka nusu, aje na nusu hiyo, huenda jirani yake ana nusu ya pili. Na anayejua jina la mtunzi, kama wimbo wenyewe umemtoka, alilete jina peke yake. Daftari litakuwa mezani kwa katibu siku ya mkutano mkuu, karibu na mahali pa kulipia ada.