Kijiji Kilichokuwa Wodi: Safari ya Thomas Adeoye Lambo

Jijini Nairobi, mtu akionekana anaongea peke yake njiani, wenzake humtania kwamba afadhali apelekwe Mathari. Tanzania jina linalotajwa ni Mirembe, hospitali ya Dodoma. Majina hayo yamekuwa tusi kwa sababu ya historia ndefu. Kwa miongo mingi, hospitali ya magonjwa ya akili barani Afrika ilikuwa ukuta, lango na mlinzi, na aliyeingia humo alitengwa na ukoo wake.

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910. Mwaka 1938 alikabidhiwa kuiongoza daktari wa serikali ya kikoloni, John Colin Carothers, ambaye wakati huo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa miaka kumi na miwili, na kwa kuwatazama wagonjwa waliokuwa nyuma ya ukuta ule akatoa hukumu juu ya bara zima. Alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa mishipa ya sehemu hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilimchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilitoa kijitabu chake kuhusu Mau Mau, na humo madai ya ardhi na uhuru yakaelezwa kama maradhi ya nafsi.

Mwaka huohuo wa 1954, upande wa pili wa bara, daktari kijana wa Kinaijeria alikuwa ameanza kazi ambayo ingeyaumbua maneno hayo.

Thomas Adeoye Lambo alizaliwa Machi 29, 1923, katika Abeokuta, mji wa Wayoruba uliojengwa chini ya mwamba wa Olumo. Alisomea udaktari Birmingham, Uingereza, kisha akabobea katika magonjwa ya akili jijini London. Aliporudi nyumbani alipewa hospitali mpya ya Aro, nje kidogo ya mji alikozaliwa, na majengo yake yalikuwa hayajakamilika. Mwingine angengoja vitanda. Lambo alitazama vijiji vilivyoizunguka hospitali, akaona kwamba vyumba vipo tayari.

Alizungumza na wazee na wenye nyumba, wakakubali kuwapangisha wagonjwa. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa asije peke yake. Lazima afuatane na ndugu angalau mmoja, awe mama, dada, kaka au shangazi, wa kumpikia, kumfulia na kukaa naye. Asubuhi ndugu alimsindikiza mgonjwa hospitalini kwa dawa, na hata kwa tiba ya umeme iliyotumika siku zile, kisha alasiri wakarudi pamoja kijijini. Kule mgonjwa alikuta watoto wakicheza, wanawake wakitwanga, wanaume wakitoka mashambani. Aliendelea kuwa mtu miongoni mwa watu.

Mpango huo haukusimama kwa huruma tupu. Wanakijiji walilipwa kodi, na hospitali iliwakopesha fedha za kuongeza vyumba. Vijiji vilipata maji ya bomba, vyoo na huduma ya kupambana na mbu. Mwenye nyumba alikuwa na sababu ya kumpokea mgeni mwenye maradhi ambayo kila mtu aliyaogopa, na kwa kuishi naye akagundua kwamba hofu ile ilizidi ukubwa wa jambo lenyewe.

Lambo alikwenda mbali zaidi: aliwaita waganga wa jadi wafanye kazi naye. Hatua hiyo iliwaudhi baadhi ya madaktari wenzake, walioona kwamba taaluma yao inashushwa hadhi. Yeye hakuwakabidhi waganga funguo za hospitali, wala hakuamini kila walichosema. Alichotaka ni ujuzi ambao Birmingham na London hazikuwa nao. Mganga wa Kiyoruba alifahamu ugomvi wa mke mwenza unavyomchoma mtu moyoni, kwa nini kijana anaamini amelogwa, na ibada ipi inamtuliza anayehisi kwamba mizimu imemkasirikia. Dawa zao pia hazikuwa za kubezwa. Mzizi wa mti wa rauwolfia, ambao waganga wa Kiyoruba waliutumia kumtuliza mwenye wazimu, ni wa jamii ileile ya mimea iliyotoa reserpini, dawa iliyotumiwa katika hospitali za Ulaya na Marekani miaka hiyo ya 1950.

Huku akitibu, alikuwa akiandika. Mwaka 1955 alichapisha katika jarida la kitaaluma la Uingereza utafiti kuhusu namna utamaduni unavyoathiri maradhi ya akili miongoni mwa Wayoruba. Humo alisema wazi kwamba sehemu kubwa ya maandishi ya wataalamu wa kikoloni juu ya akili ya Mwafrika ni visa na hadithi tu, zilizovishwa joho la sayansi na kufunika ubaguzi.

Kisha akaleta ushahidi. Pamoja na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliongoza utafiti wa magonjwa ya akili katika Abeokuta na vijiji vyake, na matokeo yakalinganishwa na yale ya jimbo la Nova Scotia, Kanada. Kitabu chao kilitoka mwaka 1963. Dalili zilizowatesa wakulima wa Kiyoruba zilifanana kwa sehemu kubwa na zile zilizowatesa wakulima na wavuvi wa Kanada. Ule ubongo wa aina yake uliodaiwa Mathari haukuonekana.

Novemba 1961, mwaka mmoja tu baada ya Nigeria kupata uhuru, Abeokuta ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Afrika nzima. Alikuwapo Tigani el Mahi wa Sudan, ambaye naye alikuwa ameshirikiana na viongozi wa dini na waganga wa nchini kwake. Safari hii Waafrika walijadili akili ya Mwafrika wakiwa wenyewe ndio wenye mimbari.

Chuo Kikuu cha Ibadan kilikuwa kimeanza mwaka 1948 kama tawi la Chuo Kikuu cha London, kikawa chuo kamili mwaka 1962. Lambo aliingia mwaka uliofuata akiwa profesa, akawa mkuu wa kitivo cha tiba mwaka 1966, na mwaka 1968 akateuliwa makamu mkuu wa chuo.

Hakuna aliyemwonea wivu kwa wakati ule. Nigeria ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu Julai 1967. Wahadhiri na wafanyakazi wengi wa Kiigbo walikuwa wamekimbilia kwao, Mashariki ya nchi, na pengo lao lilikuwa kubwa. Lambo alikiongoza chuo katika kipindi hicho mpaka vita vilipokwisha Januari 1970. Lakini mtihani mkubwa zaidi ulikuja wakati wa amani. Wanafunzi wa bweni la Nnamdi Azikiwe waligoma wakilalamikia chakula na usimamizi wa jikoni. Februari 1, 1971, polisi waliingia chuoni, wakafyatua risasi, na mwanafunzi Kunle Adepeju akauawa. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na wanafunzi wa Nigeria wanamkumbuka Adepeju hadi leo. Daktari aliyejijengea jina kwa kuondoa ukuta kati ya mgonjwa na jamii yake alijikuta yuko upande wa ofisi, vijana wakiwa upande wa pili na bunduki katikati. Hakuna simulizi ya haki juu ya uongozi wake inayoweza kuiruka siku hiyo.

Mwaka huohuo aliondoka Ibadan kwenda Geneva. Alianza kama mkurugenzi mkuu msaidizi wa WHO, na mwaka 1973 akawa naibu mkurugenzi mkuu, chini ya Halfdan Mahler. Ilikuwa imetimia miaka ishirini tangu shirika hilohilo lichapishe kitabu cha Carothers, na sasa mtu wa pili kwa cheo ndani yake alikuwa Mwafrika aliyekipinga kitabu hicho kwa utafiti.

Alikishika cheo hicho mpaka 1988. Katika kipindi hicho, mwaka 1978, ulifanyika mkutano wa Alma-Ata, na mataifa yakakubaliana kwamba afya ianzie kijijini, kwa watu wa hapohapo, wakiwemo wakunga na waganga wa jadi pale wanapohitajika. Tanzania nayo ilikuwa ikijaribu vijiji vya kilimo kwa wenye maradhi ya akili, ambako mgonjwa alishika jembe badala ya kukaa nyuma ya nondo.

Lambo alirudi Nigeria, akafariki dunia Machi 13, 2004, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 81. Hospitali ya Aro ingali inatibu wagonjwa.