Mbega na Jina Lake

Ukiwa Ifakara, ukainua macho kuitazama milima ya Udzungwa, unatazama makao ya mbega. Yupo mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani. Yupo na mwekundu, asiyepatikana duniani ila Udzungwa na misitu ya jirani.

Ngozi za mbega weusi zilikuwa pambo la vita: mashujaa wa Kimasai walizifunga miguuni. Mwishoni mwa karne ya 19 biashara ilizivusha bahari, na huko Ulaya zikashonwa makoti na vitambaa vya mabegani vya mabibi. Mwaka 1938 Elsa Schiaparelli wa Paris alitoa hata viatu vyenye manyoya ya jinsi hiyo. Wauzaji waliyaita manyoya ya kima, basi. Wataalamu nao walimwita mnyama Colobus, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa, kwa kuwa hana kidole gumba.

Kiswahili kimepambanua mbega, kima, tumbili, ngedere na nyani. Hata hivyo, katika miaka yangu ya kufundisha chuo cha ualimu, wanachuo wengi waliwaita wote nyani. Tangu 1992 mbega wa Udzungwa analindwa na hifadhi ya taifa. Jina lake atalilinda nani, enyi washairi, msipolitia katika beti zenu?