Hati ya Uwakilishi na Mzee Aliyeanza Kusahau: Pengo la Sheria Linaloonekana Kariakoo

Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Dar es Salaam, zinaendelea kuyapisha maghorofa. Mwenye kiwanja mara nyingi ni mzee aliyekirithi kwa wazazi wake. Mwekezaji humjia na ubia: mimi nijenge, wewe upate fremu kadhaa za maduka na sehemu ya kodi. Mzee asipoweza tena kuyafuata mazungumzo hayo, mtoto mmoja hujitokeza na hati ya uwakilishi yenye mhuri wa wakili. Kwa karatasi hiyo hukusanya kodi, hupokea kilemba (malipo ya kupewa fremu), huingia ubia, na pengine huuza.

Hoja yangu ni kwamba sheria ya Tanzania Bara huiua hati hiyo wakati hasa familia inapoihitaji, kisha haimwambii mtu yeyote kwamba imekufa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayofuata nyayo za sheria ya India ya mwaka 1872, inasema uwakala hukoma aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Lakini kwa mtu wa tatu, ukomo huo huanza pale anapoujua. Mnunuzi asiyejua hali ya mzee ana kinga, mzee hana. Kifo hutangazwa msikitini na watu huzika. Usahaulifu wa uzeeni hauna tangazo: huingia polepole, na jamaa huuficha kwa kumsitiri mzazi wao.

Tatizo si la watu wachache. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 ulikuta demensia, ugonjwa unaoleta usahaulifu huo, kwa takribani asilimia 6 ya wenye miaka 70 na zaidi.

Ipo njia ya mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali ya mgonjwa. Lakini njia hiyo humtaka mwana asimame hadharani aseme mama yake hana akili, na mara nyingi huyaweka maamuzi yote ya mama mikononi mwa mtu mwingine. Hapo ndipo familia hukimbilia mhuri. Siwalaumu: kodi ya fremu haingoji tarehe ya kesi.

Uingereza ilikutana na pengo hilohilo. Mwaka 1985 ilitunga sheria ya hati inayoendelea kuwa hai hata akili ikipotea, na Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005 ikaongeza kinga: hati haitumiki mpaka isajiliwe, na mtu huru athibitishe kuwa mtoaji ameielewa na hakushurutishwa. Nasi tunahitaji hati ya aina hiyo, ila ifungwe kwa masharti yanayolingana na maisha yetu. Isomwe kwa Kiswahili mbele ya mzee, mwakilishi akiwa nje ya chumba. Watoto wote na mwenzi wapewe taarifa kabla ya kusajiliwa. Mamlaka ya kuuza yatajwe peke yake, yasijifiche ndani ya maneno ya jumla. Mwakilishi atoe hesabu ya kodi na kilemba kila mwaka.

Pa kuisajili papo. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), chini ya Kabidhi Wasii Mkuu, tayari inahifadhi wosia na kusimamia wadhamini. Daftari la hati hizi halihitaji taasisi mpya.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatamfunga mzee ambaye bado ana siku njema. Pingamizi hili ni zito kuliko yote, na jibu lake limo ndani ya Sheria ya Mikataba yenyewe: mtu ambaye kwa kawaida hana akili timamu anaweza kuingia mkataba katika kipindi ambacho akili yake imetulia. Kwa hiyo swali halali si kama mzee ni mgonjwa, bali kama siku ile alilielewa jambo lile. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unadai katika ibara ya 12 kinga inayoheshimu matakwa ya mhusika na inayopitiwa mara kwa mara na chombo huru. Wakili aandike alichomuuliza mzee na mzee alivyojibu, kwa maneno yake mwenyewe, na maandishi hayo yaambatane na hati hadi ofisi ya ardhi. Nyumba ya ndoa tayari haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Msajili wa ardhi aliyezoea kuidai ridhaa hiyo hatashindwa kudai karatasi moja zaidi.