Shauri Lililokatwa Kabla ya Kusikizwa: Sheria na Maneno kutoka Gwassi hadi Kapenguria

Mtu asimamapo juu ya ukingo wa Kanyamwa, katika nchi ya Ndhiwa, huliona Bonde la Lambwe limelala chini yake, na ng'ambo ya bonde hilo vilima vya Gwassi. Mandhari hayo ni sehemu ya historia ya sheria ya kikoloni nchini Kenya. Kuanzia mwaka 1934, Gwassi ilifanywa mahali pa uhamisho wa ukoo wa Talai wa Wakipsigis, ambao serikali iliuogopa kwa sababu ya mamlaka yake ya kiroho. Watu wapatao 700, wazee kwa watoto, waling'olewa makwao wakapelekwa huko, kwenye mbung'o na malale. Haikufunguliwa kesi dhidi ya kila mmoja wao. Ilitungwa sheria maalumu ya kuwaondoa, na kuzaliwa katika ukoo kukawa ndilo kosa.

Katika Dholuo, lugha ya watu wa Ndhiwa, kuhukumu ni ng'ado bura, yaani kulikata shauri. Kiswahili nacho husema kukata shauri. Lugha zote mbili zinachukulia kwamba shauri huletwa kwanza mbele ya watu, likasemwa na kujibiwa, ndipo likatwe. Gwassi palikatwa pasiposikizwa. Makala haya yanadai kwamba dola ya Kiingereza, ilipoanza kudhoofika, haikuiacha desturi hiyo ya Gwassi. Iliivika joho la mahakama, na kesi ya Kapenguria ndiyo ithibati yake.

Kufikia mwaka 1952 hali ya dunia ilikuwa imebadilika. India ilikuwa huru tangu 1947, na mambo ya makoloni yalijadiliwa waziwazi katika Bunge la London. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba, kuwafungia viongozi wa Kenya African Union kwa amri tu kusingetosha. Ulimwengu ulihitaji kuonyeshwa kwamba sheria ingalipo. Hivyo Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Lakini jukwaa la kesi hiyo liliwekwa mbali na macho ya watu: chumba cha shule huko Kapenguria. Mawakili walilazimika kulala Kitale na kusafiri kila siku.

Upande wa utetezi wenyewe ulikuwa picha ya dola iliyokuwa ikivunjika. D. N. Pritt alitoka Uingereza, H. O. Davies Nigeria, Chaman Lall India, na Dudley Thompson alikuwa Mjamaika aliyezaliwa Panama. Walisimama pamoja na mawakili wa Nairobi mbele ya Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyeketi peke yake. Baadaye wanahistoria walibainisha kwamba Thacker alilipwa pauni 20,000 nje ya mshahara wake. Mkalimani alikuwa Louis Leakey, ambaye mwaka huohuo alikuwa amechapisha kitabu kuhusu Mau Mau. Watetezi walipinga upendeleo wake hadi akajitoa. Ubishi huo haukuwa jambo dogo la utaratibu. Mahali ambapo kiapo, wimbo na hotuba ndivyo vilivyokuwa ushahidi, aliyeshika tafsiri alishika nusu ya hukumu.

Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alisema kwamba Kenyatta alimlisha kiapo mwaka 1950. Mwaka 1958 alikula kiapo kingine, akakiri kuwa alikuwa amesema uongo. Hapo mahakama ilimfunga kwa kukiri kwake, si kwa ushahidi wake wa awali. Kwa maneno mengine, dola ililinda hadithi iliyoihitaji na kuadhibu ile iliyoikanusha.

Hata hivyo, ni kisa cha Oneko kinachofichua zaidi. Alikuwa Mjaluo wa Uyoma, mhariri wa zamani wa gazeti la *Ramogi*, akituhumiwa kwa mambo yaliyofanyika zaidi kwa Kikikuyu, lugha ambayo haikuwa yake. Aprili 8, 1953, alihukumiwa pamoja na wenzake kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Januari 1954, Mahakama Kuu ilifuta hatia yake, lakini Oneko hakurudi nyumbani. Amri ya kizuizi ilimngoja, na hakuwa huru hadi mwaka 1961. Mahakama ilikuwa imelikata shauri kwa haki, na ukataji huo haukuwa na uzito wowote. Chini ya joho la hakimu ilikuwamo sheria ileile ya Gwassi.

Fasihi ililitambua jambo hili mapema. Katika tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo, iliyojulikana kwa Kiswahili kama *Mzalendo Kimathi*, mahakama ni uwanja wa mapambano, na mshtakiwa ndiye anayeishtaki dola. Baadhi ya wahakiki wameiona mbinu hiyo kuwa kutia chumvi. Kumbukumbu za Kapenguria zinaonyesha kinyume: watunzi hawakuhitaji kuibuni mahakama iliyo igizo, kwa kuwa historia ilikuwa imekwisha kuwaandalia.

Wala igizo hilo halikwisha bendera iliposhushwa mwaka 1963. Oneko, aliyekuwa waziri katika serikali ya Kenyatta hadi alipojiuzulu mwaka 1966, aliwekwa kizuizini tena mwaka 1969 bila kesi, akatoka mwaka 1975. Safari hii aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya kizuizi chake alikuwa mshtakiwa mwenzake wa Kapenguria. Dola ilikuwa imeondoka, ikaacha kisu chake mezani. Kwa sababu hiyo, anayeisoma Kapenguria kama kesi ya wakoloni na wapigania uhuru pekee ameisoma nusu. Nusu ya pili huonekana kutoka ukingo wa Kanyamwa, kwa anayeutazama upande wa Gwassi na kuuliza ni lini watu wale walisikizwa.