Kabla ya pampu palikuwa na msichana wa kazi

Mwaka 2019 Bustani ya Wanyama ya London ilifunga akwariamu yake, iliyokuwa ikipokea wageni tangu 1924. Iliyoitangulia, Nyumba ya Samaki, ilifunguliwa katika bustani hiyo hiyo mwaka 1853, na sifa zake nyingi humwendea Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe wa bahari. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kilichowafanya Waingereza watamani kuwa na bahari sebuleni.

Gosse anastahili sifa, ila matumbawe yalikuwa yameshaishi London kabla yake. Rebecca Stott, katika kitabu chake Theatres of Glass cha mwaka 2003, anamrudisha mbele yetu Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey. Mwaka 1846 mama huyu alikuwa Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, akavutiwa na matumbawe madogo ya bahari yenye baridi. Akaamua kwenda nayo nyumbani. Aliyashona kwa sindano na uzi juu ya sponji, akayatia katika mtungi wa maji ya bahari, akafunga safari.

Yalifika hai, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Maji yaliyotuama huishiwa oksijeni, na maji mapya kutoka pwani hayakupatikana kila yalipohitajika. Ikabidi maji yale yale yamiminwe kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa au hata dakika 45, ndipo yatumike tena. Aliyemimina hakuwa Bi. Thynne. Alikuwa msichana wake wa kazi. Katika maelezo yaliyochapishwa mwaka 1859, Thynne anakiri kuwa kazi ile ilichosha, kisha anaongeza kwamba msichana yule aliiona kama burudani. Jina lake hakulitaja. Mimi siamini kwamba kunyanyua maji dakika 45 ni burudani, na inaniuma kuwa binadamu aliyefanya kazi ya pampu, siku baada ya siku, hakuandikwa hata jina.

Mwaka 1847 Thynne aliongeza mwani, nao ukasaidia kuyapa maji oksijeni. Mashine zilifuata: mwaka 1871, katika akwariamu ya Crystal Palace, William Alford Lloyd alitumia pampu kuyazungusha maji bila kukoma kati ya matangi na hifadhi kubwa iliyokuwa chini yake.

Mwamba wenye uhai ulichelewa zaidi kuingia kwenye matangi. Miaka ya 1960 wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani walipamba matangi yao kwa mifupa ya matumbawe iliyosafishwa ikawa myeupe, haina uhai wowote. Wakati huo huo Lee Chin Eng wa Jakarta alikuwa akitoa baharini mawe yaliyojaa viumbe, akiyaweka kwenye mwanga wa jua na mapovu ya hewa, bila kichujio. Aliyaeleza hayo mwaka 1961 katika jarida la Kimarekani, Tropical Fish Hobbyist. Bakteria walio juu ya mawe kama hayo, yaitwayo mwamba hai, huigeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa nitraiti, kisha nitrati. Wale wa ndani, kusikofika oksijeni, huigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni. Watu wa Berlin waliokuja baadaye waliongeza mashine ya kuondoa uchafu kwa povu, na njia hiyo leo inaitwa kwa jina la mji wao. Ya Lee haikubeba jina la Jakarta, na hilo ni deni.

Anayeanza leo hupanga mwamba, hukoroga maji yenye chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita, huwasha pampu, kisha husubiri wiki kadhaa bakteria wazaane. Baada ya hapo ndipo humtia samaki wa kwanza, ambaye huenda ametoka pwani ya Kenya, alikokamatwa kwa wavu na mpiga mbizi wa Kwale.