Gurudumu Likipasuka, Nani Alipe?

Chukudu, chombo cha mbao cha kubebea mizigo, ilienea Kivu Kaskazini nchini Kongo miaka ya 1970, na barabara ya Rutshuru kwenda Goma, inayopita Kibumba, ndipo thamani yake inapoonekana. Toka Kibumba njia inateremka. Viazi, kabichi na magunia ya makaa hushuka mamia ya kilo kwa safari moja juu ya mbao za mkaratusi na magurudumu ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Gurudumu likipasuka mteremkoni, fundi aliyeuza chukudu atadai mzigo ulizidi, na mteja kwamba mti ulikuwa mbichi.

Sheria ina jibu. Amri ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo Kongo inaitumia hadi leo, humbana muuzaji kwa kasoro iliyofichika, si ile ambayo mnunuzi angeiona mwenyewe. Mnunuzi akiwahi kudai, anaweza kurudisha kitu apewe fedha zake, ama abaki nacho apunguziwe bei. Yote mawili hayamfai mwendesha chukudu: akiirudisha, kesho hana kazi, akipunguziwa bei, amebaki na gurudumu bovu. Anachotaka ni fundi ashike tezo. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, malalamiko ya aina hii humalizikia karakanani. Wapo watakaosema sababu ni umbali na gharama za mahakama. Zina uzito, ila hazitoshi: mahakama za kimila zilitambuliwa tangu amri ya 15 Aprili 1926, na ugomvi wa mashamba haukukosa kufikishwa kwa wakubwa wa kimila.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba matengenezo ya hiari humwacha mteja mikononi mwa fundi. Ni kweli, isipokuwa fundi naye anawategemea waendeshaji wanaopita mlangoni kwake kila siku, na hao husimuliana. Lakini kizuizi hicho hudumu watu wakikaa mahali pao tu. Julai 1994 Kibumba ilifurika wakimbizi kutoka Rwanda. Mwishoni mwa 2022, vita vya waasi wa M23 viliwasukuma wakazi wenyewe hadi kambi ya Kanyaruchinya. Fundi aliyeacha mbao na tezo nyuma hawezi kutengeneza chochote, hata akitaka. Hapo amri ya 1888 ingefaa kweli, kwa kuwa deni la fedha humfuata mtu hadi kambini. Ila mauzo ya mdomo humwachia mdai ushahidi mchache sana.