Kufuatilia waliotangamana na mgonjwa: funzo kutoka Kitui na Makueni

Kila maradhi yanapozuka, neno la kwanza tunalolisikia ni kutafutwa kwa watu waliotangamana na mgonjwa. Je, kazi hiyo huzuia maambukizi kweli? Huzuia, tena sana, lakini kwa masharti.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mgonjwa huulizwa alikuwa na nani, wapi na lini. Waliotajwa hutafutwa, huelezwa hali ilivyo, na hali zao huangaliwa kwa muda ambao maradhi hayo huchukua kujitokeza. Kwa Ebola muda huo ni siku 21. Akionekana mmoja ana dalili, hutengwa kabla hajawaambukiza wengine, na mnyororo hukatika hapo.

Ushahidi mkubwa uko kwa jirani zetu wa pwani ya Benadir. Mnamo Oktoba 1977, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Ali Maow Maalin, aliugua ndui baada ya kupanda gari moja na wagonjwa kwa muda mfupi tu. Watu 161 waliotangamana naye walitafutwa, na maelfu ya wakazi wakachanjwa. Hakuna aliyeambukizwa naye. Maalin akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida.

Ndui ilikuwa na udhaifu wake: mgonjwa hakuambukiza kabla ya kuonyesha dalili. Korona haikuwa hivyo. Tangu kisa cha kwanza kilipotangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, maafisa wa afya walikuwa wakimkimbiza adui aliyetangulia, kwani mtu aliweza kuambukiza kabla hajahisi homa, na wengine hawakuhisi chochote. Juu ya hayo palikuwa na hofu. Mtu akijua kwamba kumtaja nduguye ni kumpeleka karantini, na pengine kwa gharama yake mwenyewe, ulimi huwa mzito. Orodha isiyokamilika huacha mnyororo wazi.

Sharti jingine, ambalo husahaulika, ni kujua kwanza unafuatilia nini. Hapa ndipo Kitui na Makueni zinapotufunza.

Mwaka 2004, hospitali za huko zilipokea watu wenye macho ya manjano, ini likiwa limeharibika. Kufikia tarehe 20 Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, wengi wao kutoka wilaya hizo mbili, na 125 kati yao walifariki. Dalili kama hizo humfanya mtu adhani ni virusi vya homa ya ini, aanze kuuliza nani alikaa na nani. Lakini jibu halikuwa kwa watu, lilikuwa ghalani. Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wazima, wakauliza walikula nini na walihifadhi vipi. Waliougua walionekana zaidi kuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Ukungu ulikuwa umeyatia sumukuvu, yaani aflatoksini. Sampuli za mahindi ya sokoni zilipopimwa, zaidi ya nusu zilipita kiwango kilichoruhusiwa.

Sumukuvu haiambukizi. Kumtenga mgonjwa kusingemwokoa hata jirani mmoja. Kilichohitajika ni kuondoa mahindi hayo na kuwapa watu chakula kingine, na ndivyo serikali ilivyofanya. Hata hivyo sumu hiyo ilirudi mwaka 2005 na 2006, kwa sababu kukausha na kuhifadhi nafaka hakukubadilika kwa msimu mmoja.

Kwetu pwani jambo hili halina umbali. Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, zote Makueni. Watu, malori na magunia hupita humo kila siku, na sima tunaila sote.

Kwa hiyo, afisa wa afya akibisha hodi, tumweleze ukweli wote: tuliokaa nao, tulichokula na tulikokinunua. Na serikali nayo imhakikishie anayesema kweli kwamba hataadhibiwa kwa ukweli wake.